Virusi vya mbu: aina mingi ziko msituni, lakini wingi uko kwetu

Fasi yenye iko na aina mingi za virusi sio lazima iwe ndiyo fasi ya hatari zaidi. Najua inasikika vibaya, juu huku Bukavu kila ugonjwa mpya ukitokea utasikia mtu anasema umetoka kule porini, Kahuzi, Shabunda, kwa nyani, kwa popo, na kuko wengine wanaongeza kabisa kwamba ule msitu ukikatwa wote tutalala vizuri. Kwa virusi vya mbu hiyo hesabu iko karibu kinyume, na kuko watu walienda kuhesabu mbu wa fasi mbalimbali wakaonyesha kinyume hicho kinatoka wapi. Nitafika kwao, ila kuko takataka kidogo za kuondoa njiani kwanza.

Ya kwanza, palu (malaria) sio virusi. Palu inaletwa na kidudu kingine kabisa, plasmodiamu, chenye kiko na seli yake nzima na maisha yake ndani ya mbu wa Anopheles. Kirusi ni kidogo zaidi sana, hivi vya mbu ni kipande tu cha RNA (maandishi yake ya urithi) kimefungwa ndani ya protini, na hakiwezi kuzaa mpaka kiingie ndani ya seli ya kiumbe kingine. Kwa hiyo dawa ya palu haifanyi kitu kwa dengue, homa ya kirusi cha mbu, hata umeze boksi nzima. Ya pili, mbu haleti UKIMWI, haleti Ebola, haleti mpox. Hii naiweka wazi juu wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020 kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, na tena mpox ya Kamituga ilipojitokeza 2023, hilo swali la mbu nililisikia mpaka nikachoka.

Mbu sio sindano, hapo ndipo watu wanapotea. Wanafikiri anachovya kwa mgonjwa halafu anakuja kuchoma mzima na damu ileile. Hapana. Ule mdomo wake iko na njia mbili, moja inapandisha damu, ingine inashusha mate, na damu yenye alikunywa hairudi kwako, inaenda tumboni kusagwa. Kirusi chenye kinataka kusafiri na mbu lazima kinusurike kwenye lile tumbo, kiingie ndani ya seli za utumbo wake, kizae humo, kitoke upande wa pili, kisambae kwenye maji ya mwili wake mpaka kifike kwenye tezi za mate, kiingie humo tena na kizae tena. Hapo tu ndio mbu anaweza kukuambukiza. Kirusi cha UKIMWI hakianzi hata hiyo safari, seli za mbu hazina kitu chenye kinakishika, kinasagwa pamoja na damu basi.

Na hiyo safari inachukua siku, siku zenyewe zinategemea joto. Kwa dengue, mbu akiwa kwenye digrii 30 ni kama siku 6 au 7, akiwa kwenye digrii 25 ni kama siku 15. Sasa angalia Bukavu, tuko karibu mita 1500 juu, joto la wastani linacheza kwenye digrii 19 au 20. Mbu jike mwenyewe anaishi wiki chache tu akiwa na bahati, juu kuko buibui, kuko mijusi, kuko popo, kuko mikono yetu. Wengi wanakufa kirusi kikiwa bado njiani. Lakini shuka ile barabara ya Ngomo, fika Kamanyola, endelea mpaka Uvira yenye iko chini ya mita 800, jasho linakutoka ukiwa umekaa tu, na mbu huku anabeba kirusi chake haraka kuliko yule wa kwetu juu. Masaa machache ya gari, provensi ni ileile moja, lakini kwa kirusi ni nchi mbili tofauti. Ndio maana mtu akinisemea "mbu wa Kivu" kama ni kitu kimoja, namuuliza kwanza ni yupi na wa wapi.

Kila mbu na fasi yake

Duniani kuko aina zaidi ya 3,500 za mbu. Kila aina inachagua: maji ya kutagia mayai, saa ya kuuma, damu ya nani. Na kirusi hakina miguu, kinafuata hayo machaguo ya mbu wake, kwa hiyo ukitaka kujua virusi vya fasi fulani, anza na kuuliza maji ya pale yako aje na ni nyama gani wanakaa karibu.

Kuko mwanasayansi mmoja, Alexander Haddow, alifanya kazi miaka mingi Entebbe, Uganda, kwenye taasisi yenye Rockefeller Foundation ilianzisha 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Yeye na wenzake walikuwa wanapandisha watu juu ya miti, kwenye majukwaa ya urefu tofauti, wanakaa mchana na usiku wanakamata mbu wenye wanakuja kuwauma, saa kwa saa. Kazi ya kichaa kidogo, lakini ndio ilifungua macho. Waliona kwamba msitu sio kitu kimoja, juu kuko mbu wake na chini kuko mbu wake. Aedes africanus, kwa mfano, anauma sana kule juu, na saa yake kubwa ni pale tu jua likiisha kuzama, wakati nyani wamepanda kulala. Mtu mwenye analima chini ya mti saa nne ya asubuhi anaweza kumaliza miaka hajakutana naye vizuri. Ni kwenye kazi hizohizo, mwaka 1947, nyani mmoja aliyewekwa kwenye kibanda ndani ya msitu wa Zika karibu na Entebbe alipata homa, na damu yake ikatoa kirusi chenye hakuna mtu alikuwa anakijua. Mwaka uliofuata wakakikuta tena, safari hii ndani ya Aedes africanus. Zika ilikaa pale juu, kati ya nyani na mbu wa kileleni, miaka na miaka, dunia haina habari, mpaka ilipoanza kushikana na mbu wa mijini wa fasi zingine, kisiwa cha Yap 2007, French Polynesia 2013, Brazil 2015. Msitu wa Zika wenyewe hata hauko mkubwa.

Toka msituni uingie kwenye migomba, habari inageuka. Pale jani la mgomba linaposhikana na shina, mvua inaacha maji kidogo sana, na kuko mbu wa kundi la Aedes simpsoni wenye hayo maji kidogo yanawatosha kabisa. Hata kwenye mateke (wengine wanayaita magimbi) wanataga vilevile. Sasa nyani wanashuka mchana kuiba ndizi, mbu anauma nyani, halafu mwenye shamba anakuja kufukuza nyani na mbu anamuuma yeye. Kule Bwamba, ng'ambo tu ya mto Semliki ukitoka upande wetu wa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1940 walikuta homa ya manjano inapita njia hiyohiyo: juu ya mti ni mbu mmoja, kwenye migomba ni mbu mwingine, na nyani ndiye anaunganisha. Mtu anayejua vile Kabare na Kalehe migomba inakaribia ukingo wa msitu hahitaji nimchoree.

Huo ukanda wa mpaka wetu na Uganda umetoa majina mpaka inashangaza. Kirusi cha Bwamba 1937, West Nile 1937, Semliki Forest 1942, Bunyamwera 1943. Watu wa labo walikuwa wanapenda kuita kirusi kwa jina la fasi walipokikuta, na leo Bunyamwera imekuwa jina la ukoo mzima wa virusi duniani, mtu wa Ulaya anaitamka bila kujua iko wapi. Hii haimaanishi eti sisi ndio chimbuko la magonjwa yote. Inamaanisha kule Entebbe kulikuwa na labo na watu wenye kuenda kutafuta. Fasi zisizo na labo hazina majina, lakini mbu wako.

Savana ni habari ingine tena. Watu wa Lubumbashi wanajua dembo, lile bonde la majani lenye linajaa maji mvua ikinyesha na kukauka kabisa kiangazi. Kenya nayo ina mabonde ya namna hiyo, na ndio huko homa ya Bonde la Ufa ilijulikana, kondoo walianza kufa karibu na Naivasha mwaka 1930. Kuko aina za Aedes zenye zinataga mayai kwenye udongo wa mabonde haya, na yai linaweza kungoja pakavu miaka, na mengine yanakuwa tayari na kirusi ndani, yamekipata kwa mama yao. Mvua kubwa ikija, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, mayai yote yanapasuka kwa pamoja. Hapa kirusi hakingoji nyani wala mtu, kinangoja maji tu.

Mpunga wa Luberizi na Sange, kule bonde la Ruzizi, ni fasi ya Anopheles na Culex. Anopheles kwa virusi sio hodari sana, wengi wanasemaka huyo ni wa palu tu basi. Lakini 1959 kaskazini ya Uganda kulitokea ugonjwa wa homa na viungo kuuma vibaya, o'nyong-nyong, uliogusa watu karibu milioni 2 kwa miaka michache, na mbeba mzigo alikuwa Anopheles. Kwa hiyo hizo sheria za "huyu mbu ni wa hiki" ziwekee nafasi kidogo.

Walienda kuhesabu

Sasa tufike kwa wale watu. Côte d'Ivoire, upande wa kusini-magharibi, kuko mbuga ya Taï, moja ya misitu asilia mikubwa iliyobaki Afrika ya Magharibi. Ukianza ndani ya msitu ambao haujaguswa, ukaja kwenye msitu uliowahi kukatwa ukaota tena, ukaja kwenye mashamba, ukamalizia vijijini, unakuwa na ngazi nzuri ya kuona kazi ya mkono wa mtu inabadilisha nini. Watafiti walitega mbu kwenye hizo fasi zote, wakawapima kwa PCR, kipimo cha labo chenye kinasoma urithi wa kirusi, wakitafuta sio kirusi kimoja wanachokijua bali familia nzima-nzima za virusi, majibu yakachapishwa 2023 kwenye jarida la eLife. Walikuta vipande 331 vya virusi, na ukivipanga vinatoka kwenye virusi 49 tofauti, ambavyo 34 havikuwa vinajulikana kabisa.

34 kati ya 49, usipite haraka hapo. Na hiyo ni sehemu moja ya nchi moja. Kuko utafiti mwingine wa 2016, wa wadudu na viumbe vingine vidogo visivyo na uti wa mgongo, aina zaidi ya 220, walitoka na virusi vipya 1,445. Yaani tunachokijua ni kile tu kiliwahi kumlaza mtu au ng'ombe kitandani (sawa, ng'ombe halali kitandani). Vingine vyote vilikuwa vinaishi maisha yao.

Na vingi havina shida na wewe hata kidogo. Kuko kundi kubwa la virusi vyenye vinaishi ndani ya mdudu tu, vinapita kwa mama kwenda kwa mayai, mtu havimwezi. Cha kwanza cha namna hiyo upande wa flavivirusi, ukoo uleule wa dengue na homa ya manjano, kilionekana 1975 ndani ya seli za Aedes aegypti zilizokuwa zinafugwa labo, kikakaa miaka watu wanakiona kama kioja. Kule Taï pia walipata kimoja walikiita Cavally, jina la mto wa pale, kilitangazwa 2011, na kiko kwenye oda moja (kundi moja kubwa la koo) na virusi vya korona. Ukisikia hivyo unaruka, lakini ni kirusi cha mdudu. Na ndicho kimoja cha vitu vya kwanza vilionyesha ile habari kubwa: msituni kilikuwa nadra, kila ukikaribia vijiji kilikuwa kinaongezeka.

Kwa hiyo utajiri wa aina, iwe aina za mbu au za virusi, ulikuwa mkubwa kwenye msitu safi na kwenye fasi zilizoguswa kidogo. Hapo wazee wa "tukate msitu" wanapiga makofi. Ila karibu virusi vyote hivyo 49 vilikuwa nadra, unakuta mbu mmoja hapa, wawili pale. Vilivyokuwa vinaonekana mara kwa mara kwenye fasi tofauti ni 9 tu. Na kati ya hivyo 9, 5 vilikuwa vinaongezeka ukielekea kwenye fasi zilizoharibiwa.

Kwa nini? Kulikuwa na maelezo ya zamani kidogo, nayaeleza hivi. Fikiria siri imeanza kwenye soko la Kadutu, lakini imesemwa kwa Kirega tu na hakuna wa kuitafsiri. Anayeisikia akiwa amezungukwa na Washi, Wafuliiru, Wabembe na Wahavu, siri inafia pale, kila anayemgeukia hamuelewi. Weka soko ambalo karibu kila mtu ni Murega, jioni hakuna asiyeijua. Virusi vingi viko hivyo, kila kimoja kinaelewana na aina moja au chache za mbu, na wenyeji wa aina mingi wanakizimisha. Basi watu walitegemea kwamba kijijini, penye aina chache, kila mbu mmoja atakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukutwa na kirusi.

Haikuwa hivyo, na hapa ndipo mimi niliupenda huu utafiti. Virusi hivyo 5 vilikuwa vimefungamana zaidi na mbu mmoja, Culex nebulosus, mbu hata hana umaarufu. Ndani ya msitu safi alikuwa asilimia 3 ya mbu wote, kwenye fasi zilizoharibiwa sana akafika asilimia 38. Lakini ukimchukua yeye peke yake, ukauliza wangapi kati yao wana kirusi, jibu halikupanda. Kila Culex nebulosus wa kijijini hakuwa mgonjwa kuliko ndugu yake wa msituni. Walikuwa tu wengi.

Weka hesabu ya kubuni uone. Chukua mbu 1,000 msituni, Culex nebulosus ni 30. Tuseme mmoja kati ya 10 ana kirusi, unapata mbu 3 wenye kirusi. Chukua mbu 1,000 kijijini, sasa yeye ni 380, na bado ni mmoja kati ya 10, unapata 38. Kirusi hakijabadilika, hakijawa kikali, hakijajifunza kitu. Mbu wake amepewa nyumba, basi. Watafiti waliipa jina la muda, athari ya wingi, na mimi naona jina limekaa vizuri.

Kwa hiyo "kuko virusi vingi pale" ina maana mbili zenye hazikutani: aina mingi, au mbu wengi wenye kirusi. Ya kwanza ni msitu. Ya pili ni sisi.

Tukirudi upande wa huku

Côte d'Ivoire sio Kivu, mbu sio walewale wote, na sitaki kubeba namba za Taï nizibandike Kahuzi. Lakini namna ya kufikiri inabebeka. Kila tunachofanya kwenye ardhi kinamchagulia mbu fulani ushindi. Kresa wa Kamituga anachimba shimo, dhahabu ikiisha analiacha, mvua inalijaza, hilo ni maji ya wazi yenye jua, kuko mbu wenye wanayapenda hayo kuliko kivuli cha msitu. Mtaro wa Kadutu wenye maji machafu yasiyotembea, na choo kilichojaa, huo ni ufalme wa Culex quinquefasciatus, mbu wa usiku mwenye anakupigia kelele sikioni. Mapine ya zamani nyuma ya garaji, pipa la maji lisilo na kifuniko, boks ya plastiki iliyotupwa, vyungu vya maua, hapo ni Aedes. Goma nako kuko hali yake, mji umekaa juu ya mawe ya volkano, mvua inapotea ndani ya mawe, unaweza kufikiri basi mbu hawatapata maji, lakini maji ya bomba yakikosekana watu wanaweka akiba kwenye mapipa na matanki, na mbu wa Aedes anahitaji hiyo tu. Bidoni la kufungwa halina shida. Pipa la wazi ndilo.

Kuhusu Aedes aegypti niseme kidogo zaidi, juu yeye ndiye anaonyesha mambo yanaweza kufika wapi. Asili yake ni Afrika hii hii, na wa kwetu wengi bado wana tabia ya msitu, wanataga kwenye matundu ya miti na damu ya mtu sio lazima iwe chaguo lao la kwanza. Kuko watafiti walikusanya mayai yake fasi zaidi ya 20 kusini ya Sahara, wakawaachia mbu wachague harufu, ya mtu ama ya mnyama. Waliopenda mtu zaidi walikuwa wanatoka fasi zenye kiangazi kirefu na kikali, na pia kwenye miji yenye watu wamebanana. Maelezo yake yana akili: kiangazi kikiwa kirefu, miti haina maji, maji ya kutagia yanabaki kwa mtu tu, basi mbu anaenda kukaa na mtu. Sasa Bukavu kiangazi chetu ni kifupi, Juni mpaka Agosti hivi. Lubumbashi wao wanakaa karibu miezi mitano bila mvua ya maana. Kama ningekuwa na labo na pesa ningeanza na hiyo tofauti, lakini Bukavu nayo isijisifu, juu mlima hautulindi na kule kubanana. Kadutu mnaijua.

Na kuko mgeni, Aedes albopictus, mwenye mistari meupe, asili yake Asia. Afrika ya Kati alionekana kwanza Cameroun mwaka 2000, akaendelea kusambaa. Kisiwa cha Réunion 2005 na 2006, chikungunya, homa ingine ya kirusi cha mbu iliyojulikana tangu 1952 kule Newala, Tanzania, ilipata badiliko moja dogo kwenye protini yake ya nje lenye liliifanya ipite vizuri zaidi ndani ya albopictus, ikashika karibu mtu mmoja kati ya watatu wa kisiwa kizima. Badiliko hilohilo lilionekana kwenye mlipuko wa chikungunya hapa kwetu Kongo mwaka 2019, upande wa magharibi. Yaani ile athari ya wingi sio mwisho wa hadithi, juu mbu wa aina moja akiwa mwingi hivi kirusi kinapata majaribio mingi ya kubadilika kidogo mpaka kimkae sawasawa.

Basi msitu hauna kosa kabisa? Siwezi kusema hivyo. Homa ya manjano na Zika vilitoka kwenye nyani na mbu wa juu ya miti, huo ni ukweli. Lakini kirusi cha kileleni kina safari ndefu mpaka kitanda chako, kinahitaji mbu wa katikati, kama yule wa migomba, halafu mbu wa mjini. Ukikata msitu haukiui kirusi, unamwondoa mbu mmoja aliyekuwa nacho kidogo na kuwafungulia wengine wachache waliokuwa wanazuiwa na wingi wa aina. Wanaohatarika zaidi ni watu wa ukingoni, wakataji, wachoma makala, wachimbaji, ambao ndio wanalala pale fasi hizo mbili zinapokutana.

Na mgonjwa akitoka huko na homa, tunajua kitu kitafuata. Anafika santre de sante, anapimwa palu, haionekani, basi anaambiwa tifoide na kutundikiwa serum. Simlaumu mganga, hana kipimo. Dengue, chikungunya, Zika, West Nile, zote zinaanza na homa, kichwa, maungo, na bila PCR au kipimo cha kingamwili huwezi kuzitofautisha kwa macho. INRB, taasisi ya serikali ya utafiti wa magonjwa, iko na labo Goma siku hizi, na hapo juu ya Bukavu kuko kituo cha utafiti cha Lwiro, kimekaa pembeni ya Kahuzi tangu wakati wa wakoloni, fasi nzuri kabisa ya kutega mbu kutoka msituni, kwenye chai na migomba ya Kabare, mpaka mjini. Lakini mimi ningeomba wasianze na mashine ya bei. Waanze na kuhesabu ni mbu gani, wangapi, fasi gani, mwaka mzima, juu tumeona Taï kwamba jibu kubwa lilikuwa kwenye hesabu ya mbu mmoja ambaye hakuna aliyemjali.

Kwa mtu wa parsela yake, kazi inayomgusa Aedes ni ya mchana, sio ya usiku, huyo anauma mchana na mustikere peke yake haimwezi. Funika pipa, geuza mapine au yatoboe, mwaga maji ya vyungu na kusugua ndani angalau mara moja kwa wiki, juu mayai yanagandia kwenye ukuta wa chombo na kungoja maji mapya. Shimo lisilo na kazi lifukiwe.

Na kati ya virusi vyote nilivyovitaja, chenye kiko na chanjo ya miaka mingi ni homa ya manjano, ile ya Max Theiler aliyepata Nobel kwa ajili yake 1951. Mlipuko wa 2016, uliotoka Luanda ukaingia Kongo, ulikuwa mkubwa mpaka dozi zikawa chache, Kinshasa ikabidi watu zaidi ya milioni 7 wapewe dozi iliyokatwa moja ya tano, na ilikubalika kama kinga ya dharura. Sisi wa Bukavu wengi tuko na ile kadi ya manjano juu ya kuvuka mpaka. Basi ujue kwamba tangu Julai 2016 dozi moja kamili kwenye hiyo kadi inahesabika kwa maisha yote, hata kama imeandikwa itaisha baada ya miaka 10, kwa hiyo kadi yako ya 2009 bado ni nzima, usichomwe mara ya pili wala kulipa tena kwa sababu ya tarehe.